Jinsi Ninavyobuni Ulaya Ambayo Haikuwahi Kuwapo

Wapenzi wa historia wana mchezo wao wa kale: unachukua tukio moja, unaligeuza, kisha unaufuata ulimwengu huo mpya uone utakufikisha wapi. Titus Livius, mwanahistoria wa Roma, alikwisha kujiuliza katika kitabu chake cha tisa ingekuwaje kama Aleksanda wa Makedonia angegeukia magharibi akaivamia Roma. Akajijibu kwamba Roma ingeshinda. Mroma ungetaka aseme nini?

Mimi nimeucheza kwa miaka mingi, na uwanja wangu ni Ulaya, hasa falme zake zilizokufa na lugha zake zilizokosa serikali ya kuzibeba. Watu kadhaa wameniomba nieleze ninavyofanya. Nitaeleza kwa mfano mmoja, kwa sababu maelezo ya jumla katika jambo hili hayamfikishi mtu popote.

Kazi inaanza kwenye njia panda. Wengi hukimbilia Hitler kushinda vita au Napoleon kutokwenda Urusi. Sikatazi, lakini huko kumekanyagwa mpaka nyasi hazioti tena. Mimi hutafuta tukio dogo lenye sifa mbili: liwe lile ambalo lingeweza kwenda upande wowote siku ileile, na awepo mtu pale pale aliyeipendekeza njia nyingine akapuuzwa. Sifa hii ya pili ndiyo ninayoing'ang'ania. Inakuepusha na miujiza, maana huhitaji kubuni uamuzi wowote. Unaukubali tu ule uliokataliwa.

Mfano wangu ni Muret, mji mdogo kando ya mto Garonne, kama kilomita 20 kusini mwa Toulouse. Tangu 1209 majeshi ya msalaba kutoka kaskazini mwa Ufaransa yalikuwa yakiipiga nchi ya kusini kwa hoja ya kuwafuta Wakathari, Wakristo ambao Kanisa liliwahesabu kuwa wazushi. Jemadari wao alikuwa Simon de Montfort. Januari 1213 Raymond VI, mtawala wa Toulouse, pamoja na watawala wa Foix na Comminges, walikula kiapo cha utii kwa Pedro II, mfalme wa Aragon na bwana wa Barcelona. Septemba ilipofika, Pedro alikuwa amevuka milima ya Pyrenees na kuuzingira Muret.

Asubuhi ya tarehe 12 Raymond alishauri hivi: tujenge boma kuzunguka kambi, tuwaache wao waje, wapiga mishale wetu wawajeruhi farasi wao, kisha ndipo tutoke. Watu wa Aragon wakamwona mwoga. Pedro akatoka uwanjani akiwa na silaha za askari wake mmoja aliyebadilishana naye, akauawa mapema. Montfort alishinda akiwa na wapanda farasi wasiofika 1,000, wachache kuliko wa mfalme. Mtoto wa Pedro, Jaume, katika kumbukumbu alizoziacha, anadai kwamba baba yake alikuwa amelala na mwanamke usiku ule, na asubuhi kwenye misa hakuweza hata kusimama Injili iliposomwa.

Hapo una milango miwili, ushauri wa Raymond na usiku wa mfalme. Chukua wa Raymond. Ule wa pili ni mtamu kuusimulia barazani, lakini ukiutumia, karne nane za hadithi yako zitaning'inia kwenye usingizi wa mtu mmoja.

Basi boma limejengwa, Montfort kashindwa, Pedro yu hai. Sasa usiandike kilichobadilika. Andika kwanza kilichogoma kubadilika. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayonichukulia muda mrefu kuliko zote.

Wakathari, kwa mfano. Mtu akisikia Pedro kashinda, mara moja anachora Ulaya yenye Wakathari huru, washairi mitaani na amani tele. Hebu mtazame Pedro mwenyewe. Alivikwa taji Roma na Papa Innocent III mwaka 1204. Jina lake la sifa ni Mkatoliki. Alikwisha kutoa amri ya wazushi kuchomwa moto katika nchi zake. Na Julai 1212 alikuwa mmoja wa wafalme walioshinda vita vya Las Navas de Tolosa dhidi ya Waislamu Waalmohadi. Huyu alikwenda Muret kulinda watu waliomwapia utii. Dhehebu la Wakathari halikuwa lake. Katika ulimwengu wangu Wakathari wanaandamwa vilevile, taratibu zaidi, na hakimu anayesema lugha yao.

Papa naye yupo palepale. Mfalme Philippe Auguste yupo Paris, na Julai 1214 anaweza kushinda kule Bouvines kama alivyoshinda. Hata Jaume, wakati huo mtoto wa miaka mitano, yumo mikononi mwa Montfort kwa mpango wa kuja kumwoza binti yake. Ushindi wa Muret haumrudishi nyumbani jioni ileile. Na kuna vinu vya Bazacle, navipenda sana hivi. Ni vinu vya kusaga nafaka katikati ya Toulouse, vilivyoendeshwa kwa maji ya Garonne na kumilikiwa kwa hisa. Hisa ziliuzwa, zikarithiwa, zikagawanywa vipande, na kampuni yake iliishi mpaka ilipotaifishwa pamoja na umeme wa Ufaransa mwaka 1946. Nani kashinda Muret, vinu havikuuliza. Watu walitaka unga.

Baada ya hapo ndipo naandika madeni. Kila ulichopata upande mmoja, tafuta ulichokilipia upande mwingine. Katika historia ya kweli, Aragon ilipofungiwa njia ya kaskazini iligeukia baharini. Jaume huyohuyo alipokua aliichukua Mallorca mwaka 1229 na Valencia mwaka 1238. Baba yake akiwa hai na fedha na askari wake wakiwa wamebanwa Toulouse, nani anakwenda Valencia? Labda Castile. Labda hakuna, kwa miaka 50 zaidi. Kwa hiyo Kikatalani hakifiki Valencia, na bila hicho mshairi Ausiàs March na Joanot Martorell, mwandishi wa Tirant lo Blanc, hawazaliwi katika lugha ile, au hawazaliwi kabisa. Iliniuma kuwafuta, maana March nampenda. Lakini ulimwengu wa kubuni usio na hasara huo ni matangazo ya biashara.

Ramani nayo usiipake rangi moja. Raymond aliapa utii, hakuiuza Toulouse. Mji ulikuwa na baraza lake, na Aragon yenyewe na Barcelona zilikuwa na sheria mbalimbali chini ya mfalme mmoja. Unapata rundo la nchi zinazogombania kodi, si taifa.

Lugha naiweka mwisho, ingawa ndiyo iliyonivuta kwenye mchezo huu. Wapo wanaoijenga yote kwa mkono: Brithenig ni Kilatini kilichopitishwa katika mabadiliko ya sauti yaliyokipata Kiwelishi, kana kwamba wakazi wa kale wa Uingereza walibaki na lugha ya Roma; Wenedyk imefanyiwa hivyohivyo kwa sauti za Kipolandi. Kazi nzuri, na inakufundisha nidhamu: kanuni ya sauti ikishawekwa haichagui maneno. Kwetu kusini mwa Ufaransa hatuhitaji kubuni sana, Kioksitani kipo. Penye p ya Kilatini katikati ya irabu, Kifaransa kikaweka v, Kioksitani kikaishia kwenye b: sapere ikawa savoir huku na saber kule, ripa ikawa rive na riba. Neno lolote unalotaka kulitunga lipitie mlango huo.

Swali gumu ni Kioksitani cha nani. Limousin na Auvergne wanasema chantar, Toulouse wanasema cantar. Washairi wa Kioksitani, waliokwishaeneza lahaja yao hadi Barcelona, hawakusaidii hapa, kwa sababu anayeamua ni karani. Sisi tunaoandika Kiswahili hilo tumeliona: Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, kazi ya usanifishaji ilijengwa juu ya Kiunguja, na Kimvita, lahaja ya Mombasa, pamoja na mshairi wake Muyaka, kikakaa kando. Kwa hiyo jiulize mihuri inatunzwa wapi. Mimi niliweka ofisi ya hati Toulouse, na cantar ikapita.

Kisha subiri. Mwaka 1290 tofauti haionekani, kwa kuwa hata katika historia ya kweli miji ya kusini iliendelea kuandika Kioksitani kwa muda mrefu baada ya Toulouse kuingia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa mwaka 1271. Pengo linafunguka baada ya amri ya Villers-Cotterêts ya 1539, iliyotaka hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa, na linakuwa bonde baada ya 1794, padri Grégoire alipoliomba bunge la mapinduzi lizifute lugha za mikoani huku akikadiria kwamba wanaozungumza Kifaransa sawasawa ni milioni 3 tu. Ulimwengu wako uutembelee mwaka 1600 au 1800, si siku ya pili ya vita.

Ukifika huko, andika hati moja ya kawaida. Yangu ni ya mjane anayeuza robo ya hisa yake ya kinu Toulouse mwaka 1600. Ukurasa mmoja unakulazimisha kuamua kila kitu: lugha ya karani, jina la mfalme juu ya karatasi, sarafu (dinari za Melgueil za karne ya 13 hazijafika mpaka hapo, basi imekuja ipi?), sikukuu ya mtakatifu inayotumika kama tarehe, mashahidi wanaojua kusaini na wanaochora msalaba. Nimepata mengi kwa mjane huyo kuliko kwa orodha ya wafalme.

Kama Muret haikuvutii, ipo Nancy. Tarehe 5 Januari 1477 Charles wa Burgundy, anayeitwa Mjasiri, aliuawa nje ya mji huo bila kuacha mtoto wa kiume; mwaka uleule binti yake Marie akaolewa na Maximilian wa Habsburg, na nchi iliyokuwa ikiota kati ya Ufaransa na Ujerumani ikagawanywa. Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani vyote vilikuwa chini ya bwana mmoja pale. Mimi sijaigusa, anayetaka aichukue, ila aanze na yule aliyetoa ushauri usiosikilizwa.