KUNGOJA KAZI YA GARI: HALALI NA HARAMU KWA MWENYE KUTAFUTA UJIRA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemkadiria mja riziki yake kabla hajatoka tumboni mwa mama yake. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, aliyechunga mbuzi za watu wa Makka kwa ujira, na zishukie Aali zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Jua, ewe ndugu yangu Muislamu, ya kuwa hapa petu Ngombezi, katika mji wa Korogwe, habari ya gari na kazi ya gari si ngeni. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Baadaye safari za abiria katika njia hii zilikatika miaka mingi, hata Desemba 2019 garimoshi la abiria likapita tena kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, na mwaka 2020 likafika Arusha. Tena mwaka 2024 reli mpya ya umeme ikaanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hata Morogoro na Dodoma. Kila habari ya namna hii ilipofika, vijana wetu walitia tamaa. Wengine wakapeleka maombi ya kazi ya reli, wengine ya mabasi, wakakaa kungoja waitwe.

Miongoni mwao ni kijana mmoja aliyesoma kwangu chuoni tangu alifu hata akahitimu. Ana mke na mtoto mmoja. Alijifunza udereva, akapata leseni ya daraja C, ambayo ndiyo ya mabasi makubwa ya abiria, akapeleka maombi yake. Mwaka ukapita asiitwe. Akanijia, nami nalimwambia neno moja tu: "Subiri, mwanangu." Akaenda akasubiri kwa namna alivyofahamu yeye, yaani kukaa barazani na kutazama simu. Mwaka wa pili akarudi, na safari hii alikuja na mama yake. Yule mama alisema: "Shehe, yuko mtu anasema tukimpa shilingi laki nane mwanangu ataitwa kazini mwezi huu. Nina mbuzi sita na kipande cha shamba. Je, niviuze?"

Hapo nikatambua ya kuwa nalikosa. Nalimpa neno la subira, wala sikumpa elimu ya subira. Basi nimeandika waraka huu ili nilipe deni lile, na ili wafaidike nao wote wanaongoja kama yeye. Nimeugawa mafungu matatu.

FUNGU LA KWANZA: JE, KUKAA KUNGOJA NI TAWAKKUL?

Mtume s.a.w. ametufundisha ya kuwa lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, ambao hutoka asubuhi matumbo matupu na hurudi jioni wameshiba. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi. Watu wengi huishika habari ya kushiba, wakaiacha habari ya kutoka. Ndege hakungojea kiotani. Na Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas r.a. ya kuwa watu wa Yaman walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakisema kuwa wao ni wenye kutawakali, na wakifika Makka huomba watu. Ikateremka aya ya kuwaamrisha wachukue masurufu. Basi tawakkul ni kazi ya moyo, na kutafuta ni kazi ya viungo, wala moja haiiondoi nyingine.

Na mfano ulio bora wa mtu aliyengoja kuajiriwa ni Nabii Musa a.s., katika Sura ya Al-Qasas. Alifika Madyan hana nyumba, hana jamaa, hana chakula. Akawakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao, hawawezi kuyafikia maji kwa wingi wa wachungaji. Akawanyweshea wanyama wao wala hakudai kitu. Kisha akaenda kivulini, akamwambia Mola wake ya kuwa yeye ni mhitaji wa heri yoyote atakayomteremshia. Hapo ndipo alipoitwa, na mmoja wa wale wanawake akamshauri baba yake amwajiri, kwani mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu.

Zingatia mambo manne katika kisa hiki. La kwanza, Musa alifanya kazi kabla ya kuajiriwa, na kazi ile ndiyo iliyokuwa shahada yake. La pili, aliomba heri yoyote, wala hakumshurutishia Mola wake heri ya namna moja. Kijana wetu alikuwa akiomba reli, na reli tu. La tatu, alisifiwa kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Nguvu katika kazi ya gari ni leseni ya haki, macho mazima, na mafunzo yaliyotimia, kama yanayosomeshwa katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, au katika vyuo vya VETA. Uaminifu ni kurudisha chenji ya abiria bila ya kuombwa. La nne, mapatano yake yalikuwa wazi: miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Na Ibn Abbas r.a. alipoulizwa Musa alitimiza muda upi, alijibu ya kuwa ni ule mrefu.

FUNGU LA PILI: KUTOA FEDHA ILI UITWE KAZINI

Mtume s.a.w. amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Lakini yule kijana alikuwa na hoja. Alisema: "Shehe, nalisoma kwako ya kuwa mtu akizuiliwa haki yake, akatoa fedha ili aipate, dhambi ni ya mpokeaji si ya mtoaji."

Jibu: Ni kweli kuwa wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wamesema hivyo, wala sikumkanusha. Lakini tazama neno "haki yake". Haki ni kitu kilichokwisha kuthubutu kwako: mshahara ulioufanyia kazi, shamba la urithi wako, shahada uliyoifaulu. Ama kazi ambayo hujaajiriwa, hiyo si haki yako bado. Wewe na wenzako mia mnaingoja, nayo ni ya yule atakayestahiki zaidi. Ukitoa laki nane hujanunua haki yako, bali umenunua nafasi ya mwenzio. Na huenda mwenzio huyo naye ana mama na mbuzi sita, ila hakupata mtu wa kumpelekea.

Tena yako madhara mengine. Kazi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, maombi hupelekwa kwa mtandao, na watu huitwa kwenye usaili. Anayekuja barazani kwako usiku kutaka fedha ama ni mla rushwa, ama ni mwizi asiyejuana na ofisi yoyote. Akiwa ni wa kwanza umeshiriki haramu, na serikali nayo imeikataza kwa sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa. Akiwa ni wa pili umepoteza mbuzi za mama yako.

Na mfano wa rushwa ni shahada ya kughushi. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitangazwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wako waliokwisha tumika miaka mingi. Mtume s.a.w. amesema ya kuwa mwenye kutudanganya si katika sisi. Na dereva wa cheti cha uwongo hadanganyi ofisi peke yake. Amezidanganya roho za abiria wote waliolala nyuma yake wakimwamini.

FUNGU LA TATU: AFANYE NINI WAKATI ANANGOJA?

Afanye kazi iliyopo. Mtume s.a.w. ametuambia ya kuwa mtu kuchukua kamba yake akaleta mzigo wa kuni mgongoni akauza ni bora kwake kuliko kuomba watu. Katika stendi zetu iko kazi ya deiwaka, yaani kushika gari kwa siku moja badala ya dereva au kondakta mwenyewe. Wako wanaoidharau, na wako wanaouliza uhalali wake. Basi hukumu yake ni hii.

Ijara katika madhehebu yetu haisihi ila kwa ujira unaojulikana, na kazi au muda unaojulikana. Mwenye gari akimwambia dereva, "Chukua gari leo mpaka jioni, uniletee shilingi 60,000, itakayozidi ni yako," na mafuta yakawa juu ya dereva, hayo ni mapatano ya kukodi gari kwa kodi maalumu na muda maalumu, nayo yanasihi. Hiyo ndiyo wanayoiita hesabu. Gari ikiharibika saa sita mchana pasipo kosa la dereva, kodi ya saa zilizobaki humwondokea, kwani manufaa aliyoyakodi yamekatika. Wala hadaiwi gharama ya kutengeneza, maana gari mkononi mwake ni amana, ila ikiwa amefanya uzembe.

Ama mwenye gari akisema, "Tutagawana nusu kwa nusu kitakachopatikana," hayo kwetu Mashafi ni fasidi, kwa kuwa ujira haujulikani. Imamu Ahmad ameyajuzisha. Aliyekwisha fanya kazi kwa mapatano hayo asidhulumiwe: ikiwa yeye ndiye aliyeajiriwa, apewe ujira wa mfano wake.

Na deiwaka anayelipwa na dereva, ujira wake utajwe kabla hajapanda garini. Tusiseme "tutaonana jioni", kwani neno hilo limeleta ugomvi mwingi stendi. Asishike usukani wa gari ya mtu bila ya mwenyewe kujua. Na anayemtumikisha asimcheleweshee haki yake. Imepokewa katika Hadithi Kudusi ya kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaitimiza kazi yake, kisha asimpe ujira wake.

KHATIMA

Yule mama nalimwambia asiuze mbuzi wala shamba. Aliniuliza, "Na asipoitwa kabisa?" Sikuwa na jawabu la kumpa juu ya yajayo, kwani ilimu ya ghaibu haiko kwa shehe. Nalimwambia ya kuwa asipoitwa atakuwa na mbuzi sita, shamba, na mtoto asiyemla mwenzake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, basi na afanye hiyo ya siku moja."

Hata ninapoandika haya bado hajaitwa. Siku tatu katika juma hushika basi kwa udeiwaka, siku nyingine hulima lile shamba la mama yake. Huja msikitini kwa sala ya Isha, mikono yake ina harufu ya dizeli. Maombi yake yako palepale, naye kila likitoka tangazo huomba tena. Naona hiyo ndiyo subira niliyopasa kumfundisha mwaka wa kwanza.

Ewe Mola wetu, waruzuku vijana wetu riziki ya halali, uwatosheleze kwayo na haramu, uwaepushe na wenye kuwala, na uwalinde wao na wanaopanda magari yao. Amin.

Wallahu aalam.