Upatanisho wa Kisarufi na Mikusanyo ya Aina Isiyojulikana: Mfano wa Gunia la Sumbawanga

1.0 Utangulizi
Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba tatizo la mkusanyo ambao aina ya memba wake haijulikani, linalowashughulisha waandishi wa programu zinazolenga vitu, lina mfano wake katika upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili.

2.0 Gunia Lililofungwa
Tuchukue gunia la mazao ya Ufipa lililoshonwa mdomo na kuletwa sokoni Sumbawanga. Anayejua yaliyomo husema:

(1) a. Mahindi yamo.
    b. Ngano imo.
    c. Ulezi umo.

Asiyejua hana nomino ya kuongoza kiambishi. Hata hivyo hanyamazi, bali husema:

(2) a. Kilichomo ni nini?
    b. Vilivyomo vitolewe.

Viambishi ki- na vi- hapa vinawakilisha kitu na vitu, yaani aina pana kuliko zote za visivyo hai. Lakini likiwa ni tenga ambalo ndani yake husikika kukurukakara, atasema:

(3) Waliomo watolewe.

Hajui kama ni kuku au bata. Anajua tu kwamba ni viumbe hai. Ujuzi huo nusu unatosha kuteua kiambishi.

3.0 Ulinganisho na Programu
Lugha ya Java ilitolewa mwaka 1996. Hadi mwaka 2004 mikusanyo yake ilirudisha kila memba kama kitu tu. Mwandishi alilazimika kutaja aina mwenyewe, na alipokosea programu ilikwama wakati wa kutekelezwa. Toleo la tano, la mwaka 2004, lilileta alama ya kuulizia (?) kuwakilisha aina isiyojulikana. Memba wa mkusanyo huo waweza kusomwa kama kitu, kuhesabiwa na kuondolewa. Lakini kompaila hukataa kuongeza memba mpya, isipokuwa thamani tupu. Sababu ni dhahiri: huenda gunia ni la ngano, na atiaye mahindi ataharibu mzigo wa mwenziwe. Alama hiyo yaweza pia kuwekewa mpaka, kama katika (3).

4.0 Hitimisho
Jambo hili lina uzito kwa watunga kamusi. Kifipa, kama lugha nyingine za Kibantu, kina ngeli zake. Nomino yake ambayo ngeli haijathibitishwa isibandikwe ngeli ya Kiswahili kwa kukisia, kwani kosa likishaingia katika hazina ya data hurithiwa na kila programu inayoisoma. Iandikwe kuwa haijulikani, na isomwe hivyo, mpaka gunia lifunguliwe.