Moyo Ukisimama Kondele: Mashine ya Kuushtua Ikae Wapi?

Hapa Kondele, Kisumu, tuna bahati: hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia, iko karibu. Ndiyo maana mtu akianguka stejini, wazo la kwanza ni kumpakia kwenye bodaboda na kumkimbiza. Kwa aliyesimama moyo, safari hiyo, hata iwe fupi vipi, ni hatari, kwa sababu njia nzima hakuna anayemkandamiza kifua. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa wala kushtuliwa moyo hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Utamjuaje?

Mwite kwa sauti, mtikise mabega. Kama haitikii, na hapumui au anavuta pumzi moja moja kwa kukoroma, hesabu kwamba moyo umesimama. Kukoroma huko ndiko kunakotuponza. Tunasema "bado anapumua", tunaanza kumpepea na kumwagia maji. Wengine hutetemeka kidogo mwanzoni, basi umati unaamua ni kifafa na mtu anatumwa kijiko. Kijiko hakifai hapa, na hata mwenye kifafa hatiwi kitu mdomoni.

Mlaze chali mahali pagumu. Mmoja apige 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu, mwingine akalete mashine ya kushtua moyo, wa tatu aanze kukandamiza katikati ya kifua: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pokezaneni kila dakika 2. Kazi hii inachosha. Aliyeopolewa ziwani, Dunga au kwingineko, apuliziwe pumzi kwanza, na kifua kikaushwe kabla ya mashine.

Mashine yenyewe

Mara nyingi moyo uliosimama ghafla haujatulia. Unatetemeka ovyo bila kusukuma damu. Umeme wa mashine hukatiza mtetemo huo ili mapigo yarudi. Ukiiwasha, inakuelekeza kwa sauti. Panguza jasho, bandika pedi moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa, kisha wote muachane na mgonjwa inapopima. Isipoona haja ya kushtua, haishtui hata ubonyeze vipi, kwa hiyo usiogope kwamba utamuua. Inatumia betri yake, stima ipotee isipotee.

Mfano ni mchezaji wa soka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa: alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012. Alikandamizwa kifua na kushtuliwa pale pale. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na akapona.

Isifungiwe

Shule ikipata mashine, kishawishi ni kuifungia ofisini kwa mwalimu mkuu isiibwe. Wezi wapo, hatubishi. Lakini mechi huchezwa Jumamosi, na ufunguo uko nyumbani kwa mwalimu. Kwa maoni yetu, getini kwa mlinzi ni bora: kabati la ukutani lenye kengele, lisilo na kufuli. Kanisani, msikitini au sokoni nako, iwe pale penye mtu usiku na mchana, na wahudumu wa bodaboda wapajue.

Achaguliwe mtu mmoja wa kuangalia taa ya kijani ya mashine kila wiki. Pedi zina tarehe ya kuisha, betri nayo huchoka. Pesa za kuzibadilisha zitengwe siku ile ile mashine inaponunuliwa.