Zawadi isiyo na bei, njia yenye gharama

SWALI: Nafanya kazi hotelini. Ikiwa wokovu ni zawadi, kwa nini tunaambiwa kumfuata Yesu kuna gharama? Je, ni lazima niwaache wazazi wangu?
Msomaji, Bwejuu

JIBU: Zawadi haina bei, lakini anayeipokea kweli habaki alivyokuwa. Mkulima wa mwani hapo kwenu hainunui bahari. Hata hivyo maji yakipwa huingia pwani, hupigilia vigingi, hufunga mbegu kambani moja moja, kisha hungoja wiki kadhaa ndipo avune. Ndivyo ilivyokuwa kwa Cecil Majaliwa. Mtumwa huyo aliyekombolewa na kusomeshwa katika shule ya Kiungani alipewa upadre mwaka 1890 katika Kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Badala ya kukaa Unguja, alitumikia miaka mingi Chitangali, bara. Utumishi ule haukuwa malipo ya uhuru wake. Alitumika kwa kuwa alikwisha kuwa huru.

Utaniuliza: mbona Luka 14 inasema habari za kuwachukia wazazi? Soma pia Marko 7, ambako Yesu anawakemea waliofanya sadaka kisingizio cha kutowatunza wazazi wao. Basi maana yake ni nani atangulie moyoni, wala si kuvunja undugu. Endelea kuwapelekea wazazi matumizi. Gharama yako huenda ikaanzia kazini: kukataa kupunja hesabu, hata ukibaki peke yako. Msalaba hautafutwi, lakini ukija, usiukimbie.