Rangi inabanduka, mtoto anaila

*Daktari, tumehamia nyumba ya zamani hapa Tanga. Rangi ya madirisha inabanduka na mwanangu wa miaka miwili huokota na kula. Nimenunua vijiti vya kupima risasi. Nivitegemee? Mama J.*

Mama J., hofu yako ina msingi. Rangi yenye risasi ina utamu kidogo, ndiyo maana watoto huirudia.

Vijiti vingi vya bei nafuu hugeuka waridi vikigusa risasi. Kata rangi kwa kisu mpaka kwenye mbao, maana risasi mara nyingi imejificha tabaka za chini, ndipo usugue kijiti hapo. (Rangi nyekundu hudanganya macho, maana yenyewe yaweza kukitia kijiti wekundu.) Kikigeuka, chukua tahadhari. Kisipogeuka usishangilie: risasi kidogo hukipita, hasa iliyo kwenye vumbi. Uholanzi wamebuni kimiminika kinachofanya risasi ing'ae kijani chini ya taa ya urujuanimno, ila hicho nacho hakipimi damu.

Mwanao ameshakula, kwa hiyo usingoje kijiti: mpeleke hospitali apimwe damu. Ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Akitapika mfululizo, akilegea au kupata degedege, kimbieni hospitali papo hapo, hata ikiwa usiku.

Nyumbani, msipige msasa rangi kavu. Vumbi lipanguse kwa kitambaa chenye maji, usifagie.