Spea za Fokolifti: Vidokezo kwa Wenye Maduka Chanji Wakati Wauzaji Wakubwa Wanaungana

Sumbawanga hakuna fokolifti nyingi. Gunia la mahindi bado linapanda lori kwa bega la mpagazi, na duka la spea la Chanji, hapa Sumbawanga, linaishi kwa bodaboda, Fuso, trekta, pawatila na mashine za kusaga. Hata hivyo vihenge na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) yaliyojengwa kwa mkopo wa Poland yamesimama, lami imefika bandari ya Kasanga, na fokolifti zilizopo, hata kama ni za kuhesabika, zinataka filta, oilsili na minyororo kama mashine nyingine.

Mwenye duka ananunua vitu hivyo kwa muuzaji wa jumla, ambaye naye ana mkubwa wake. Huko kwa wakubwa kampuni zinanunuana na wauzaji wanazidi kupungua. Bei ikipanda au mzigo ukichelewa, anayeumia kwanza ni yule aliye mwisho wa barabara, na kutoka Dar es Salaam hadi kwetu Ufipa ni zaidi ya kilomita 1,100. Haya ni mambo ya kufanya sasa, kabla mzigo haujakwama.

1. Fungua daftari la majina

Mteja anakuja na fokolifti iliyoandikwa TCM. Unapiga simu Gerezani, Dar es Salaam, kijana wa kaunta anasema hiyo kampuni haipo. Kweli, jina limepotea, lakini spea zipo. Fokolifti za Nissan na TCM ziliunganishwa zikawa UniCarriers, na mwaka 2017 UniCarriers ikaungana na Mitsubishi Nichiyu, ndipo ikazaliwa Mitsubishi Logisnext. Daewoo ya Korea iligeuka Doosan, na mwaka 2021 biashara hiyo ya fokolifti ikachukuliwa na Doosan Bobcat, kwa hiyo mashine mpya zinatoka na jina la Bobcat.

Kwenye spea zisizotoka kwa mtengenezaji wa mashine mambo ni hayohayo. TVH ya Waregem, Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1969, imekua kwa kununua wenzake, ikiwemo SMH ya Kansas, Marekani. Filta za Baldwin ziko chini ya Parker tangu 2017. Wix ilikwenda kwa Mann+Hummel mwaka 2016.

Karibu na kwetu, Toyota Tsusho ya Japani iliichukua CFAO ya Ufaransa mwaka 2012, na leo mawakala wa magari DT Dobie na Toyota Kenya wako ndani ya nyumba moja. Al-Futtaim ya Dubai iliinunua CMC, nayo wakala wa magari, mwaka 2014, kisha Januari 2025 ikatangaza kufunga biashara ya CMC Kenya, Uganda na Tanzania. Kampuni kubwa ikinunua wakala haina maana kwamba itakaa.

Basi andika: jina la zamani, jina la sasa, nani analeta Tanzania, namba ya simu. Daftari hilo litakuuzia mzigo ambao jirani yako ataambiwa haupo.

2. Uza kwa vipimo

Hiki ndicho kidokezo ninachokiamini kuliko vyote. Muungano wa kampuni unaweza kubadilisha jina la boksi, namba ya spea na bei. Hauwezi kubadilisha kipenyo cha shafti.

Beringi ya 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje milimita 52 na unene milimita 15, iwe imetengenezwa Sweden, Japani au China. Ikiongezewa herufi 2RS, ina kifuniko cha mpira pande zote mbili. Oilsili iliyoandikwa 35-52-8 inakaa kwenye shafti ya milimita 35, nyumba ya 52, unene 8. Tairi za mbele za fokolifti nyingi za tani 3 ni 28x9-15, na za nyuma ni 6.50-10. Mtu anayejua hivyo hatazuiwa na muuzaji anayemwambia kwamba spea ya mashine yake inapatikana kwake peke yake.

Nunua kalipa nzuri. Kila kitu kilichovunjika kinacholetwa dukani kipime kabla hakijatupwa, uandike. Beringi hiyohiyo ya 6205 utaiuza kwenye mota ya umeme na kwenye mashine kadhaa za wakulima ambazo hazina uhusiano wowote na fokolifti. Kwa duka la Chanji hiyo ndiyo faida halisi: mtaji haulali rafuni ukisubiri fokolifti moja iharibike.

3. Tazama injini kabla ya jina la mashine

Injini ya Isuzu C240 imefungwa kwenye TCM, na pia kwenye mashine za Kichina kama Heli na Hangcha. Nissan K21 na K25 zimo katika fokolifti za majina tofauti. Toyota za petroli na gesi nyingi zina 4Y. Ukiweka filta, gasketi na pampu ya maji kwa kufuata injini, utahudumia mashine nyingi kwa mzigo mdogo.

4. Mali kauli iwe na karatasi

Wengi wetu tunafanya biashara kwa mali kauli: unachukua mzigo, unauza, unalipa. Imani hiyo hujengwa miaka na miaka kati yako na mtu mmoja, sio na kampuni. Kampuni ikinunuliwa, yule mtu huhamishwa au huondoka, na mgeni anayekaa kwenye kiti chake anaona deni tu kwenye kompyuta. Haoni miaka uliyolipa bila kusumbua.

Kwa hiyo omba barua au hata ujumbe wa simu unaosema: umepewa siku ngapi za kulipa, kiwango cha juu cha deni ni kiasi gani, spea isiyoingia inarudishwa ndani ya muda gani. Tunza risiti za EFD za malipo yote. Ukisikia tu fununu kwamba wakala wako anauzwa, nenda mkalinganishe hesabu wiki hiyohiyo, na mzigo uliotakiwa kurudishwa urudishe upesi.

Na mwulize mapema mmiliki mpya kiwango cha chini anachokubali kuuza. Mara nyingi muungano ukishakamilika, aliyekuwa akikuuzia oilsili kumi ataanza kutaka ununue boksi zima.

5. Usitegemee mlango mmoja

Machi 2023 kompyuta za TVH zilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni, na wateja wake katika nchi nyingi wakashindwa kuagiza kama kawaida. Maduka yaliyokuwa yamehamishia kila kitu huko, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri na katalogi ina kila kitu, yalijikuta hayana la kumwambia mteja.

Sisi tuna milango mitatu. Dar es Salaam ina mzigo mwingi zaidi. Mbeya ni karibu na unaweza kwenda ukaishika spea kwa mkono kabla ya kulipa. Tunduma, kilomita zipatazo 223 kwa lami kutoka mjini kwetu, ina wafanyabiashara wanaojua soko la Zambia na njia zake. Kwa spea kumi zinazotoka zaidi dukani kwako, uwe na majina mawili ya wauzaji, na yule wa pili mnunulie kidogo hata pale wa kwanza anapokuwa nafuu. Muuzaji hamkumbuki mtu anayempigia siku ya shida tu.

6. Agizeni pamoja na maduka ya Laela, Namanyere na Matai

Boksi zima ni kubwa mno kwa duka moja, lakini maduka manne yanalimaliza. Mmoja aagize, mgawane gharama ya kusafirisha, kila mmoja auze kwake kwa bei yake. Hapo kwenye bei muwe waangalifu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei ya kuuzia. Nunueni pamoja, muishie hapo.

7. Fuata kalenda ya mahindi

Mavuno ya Ufipa yanaanza kukauka Mei na Juni, kisha msimu wa manunuzi unafuata na maghala yanajaa. Mashine zinafanya kazi mfululizo na ndipo zinapovunjika. Agiza Aprili. Ukisubiri Agosti utalipia haraka yako kwa bei ya basi, na mteja wako atakuwa amesimamisha lori kwa sababu ya paipu moja ya haidroli.

8. Meno na minyororo: hapa usitafute rahisi

Filta duni itaua injini. Mnyororo duni utaua mtu. Soko likibaki na wauzaji wachache na bei ya kitu halisi ikapanda, feki hupata nafasi, nasi tutashawishiwa kuileta kwa sababu mteja analalamika. Tukatae.

Mwambie mteja vipimo hivi, vinatumika duniani kote. Mnyororo wa kunyanyulia uliorefuka kwa asilimia 3 umekwisha: kipande kilichokuwa sentimita 100 kikifika 103, badilisha wote, usiunge. Jino la fokolifti lililolika asilimia 10 ya unene kwenye kona yake ya chini limekwisha pia, yaani la milimita 40 likibaki 36, litolewe. Jino lisichomelewe na fundi wa mtaani, hata awe hodari kiasi gani.

Bushi na pini ndogo ndogo ni jambo jingine, fundi mzuri wa kukereza vyuma anaweza kukusaidia. Muulizie kwenye ofisi ya SIDO mkoani.

9. Wape mafundi habari

Fundi ndiye anayemwambia mwenye mashine anunue nini. Mpe nakala ya daftari lako la majina na vipimo. Atarudi kwako.

10. Andika kwa Tume

Miungano yote ambayo mauzo au mali za pande zinazoungana zinavuka shilingi bilioni 3.5 lazima ipelekwe Tume ya Ushindani (FCC), nayo hutoa tangazo kuita maoni. Tangu Novemba 2025 miungano mikubwa inayovuka mipaka ya nchi za Afrika Mashariki inapelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maoni hayo yana nguvu. Scancem, wenye Twiga Cement, walipotaka kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, FCC ilikubali, lakini waliopinga walikwenda Baraza la Ushindani, na Septemba 2022 Baraza likatengua kibali. Ununuzi ulikamilika mwaka 2023 baada ya kupitia mchakato upya. Waliopinga walisikilizwa, na kampuni kubwa ililazimika kujieleza mara ya pili.

Hakuna atakayejua kwamba oilsili imepanda bei Chanji kama sisi wenyewe hatusemi. Tangazo la muungano unaogusa spea unazouza likitoka, kaeni wenye maduka watatu au wanne, andikeni ukurasa mmoja: mlinunua kwa nani, kwa bei gani, na mtabaki na wauzaji wangapi. Uwekeeni saini zenu na muupeleke kabla siku za maoni hazijaisha.