Kabla ya Kwenda Sokoni, Pita kwa Fundi

Watu wengi wanaolalamika kwamba hawana nguo wana kabati lililojaa hadi mlango haufungi. Nguo zipo, ila hazivaliki. Hii inabana kifuani, ile zipu imekufa, nyingine haina blauzi ya kuendana nayo, na lile gauni la kung'aa lilishonwa kwa ajili ya harusi moja likaishia hapo. Mwenye kabati hilo akipata elfu hamsini anakimbilia sokoni, anarudi na nguo nne, na mwezi haujaisha analalamika vilevile. Kwa mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kupendeza na kwenda na wakati, ushauri wangu ni mmoja: fedha ya kwanza ipeleke kwa fundi cherehani. Sokoni utakwenda baadaye, tena ukiwa na orodha fupi.

Anza kwa kutoa nguo zote na kuzimwaga kitandani, mchana, kwenye mwanga wa kutosha. Taa ya usiku huficha madoa na rangi iliyofifia. Vaa kila nguo mbele ya kioo, kaa, inua mikono, inama. Zile zinazokukaa vizuri zirudi kabatini. Zile ambazo kitambaa chake bado ni kizima lakini umbo limekataa, weka pembeni kwa ajili ya fundi. Zilizosagika mapajani, zilizoota vipele mwili mzima au zilizoganda njano kwapani zigeuke vitambaa vya kufutia. Usimpe ndugu nguo ambayo wewe mwenyewe unaona aibu kuivaa.

Fungu la fundi ndilo lenye utajiri, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Chukua shati la ofisini la mikono mirefu. Mara nyingi linalotangulia kufa ni kola: ule mkunjo unaogusa shingo husagika hadi nyuzi nyeupe zinaonekana, ilhali mgongo na kifua bado ni vizima kabisa. Fundi anayejua kazi hufumua kola kwa wembe, akaigeuza upande wa chini ukawa juu, akaishona tena palepale. Ni kazi ya muda mfupi, na shati linapata uhai mwingine. Ukitaka liwe la kisasa zaidi, mwambie aiondoe kabisa ile sehemu inayokunjwa, abakishe ule ukanda unaosimama shingoni, kisha apunguze mikono hadi juu kidogo ya kiwiko. Hapo una shati la kola ya kusimama, la aina ileile inayouzwa madukani kama mali mpya. Badilisha na vifungo. Vifungo vya plastiki nyeupe vikiondolewa, vikawekwa vya mbao au vya rangi ya kahawia, hata mtu anayekuona kila siku atauliza umelinunua wapi.

Kwenye suruali lazima ujue mipaka ya fundi. Suruali pana inaweza kupunguzwa. Suruali ya modo haiwezi kupanuliwa, kwa sababu kitambaa cha kuongezea hakipo. Geuza nguo nje-ndani uangalie akiba iliyobaki kwenye mshono. Nguo za kiwandani kwa kawaida huachwa na akiba ndogo, isipokuwa suruali za suti za kiume, ambazo mara nyingi huwa na kitambaa cha ziada kwenye mshono wa nyuma wa kiuno. Hapo mtu aliyeongezeka mwili anaweza kuokolewa. Kwa upande wa mtindo, miguu mipana imerudi kwa wanaume na kwa wanawake, na modo zinapungua. Ile suruali ya baba yenye marinda mbele, iliyokaa sandukuni miaka yote, ikipunguzwa kiuno na kupigwa pasi vizuri inavaliwa na kijana wa leo bila kuongeza kitu.

Mitindo imekuwa ikizunguka hivyo tangu zamani. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupinga sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Muongo uliofuata vijana walivaa bwanga, baadaye zikaja za kubana tena, na sasa pana zimerejea. Kwa hiyo nguo yenye kitambaa kizuri usiitupe kwa sababu tu msimu wake umepita. Ioshe, ikunje, iweke. Kitambaa kibovu ndicho kisicho na marejeo.

Lipo fungu jingine ambalo kabati za Tanzania zinalo kwa wingi: sare za sherehe. Kamati ya harusi ikiamua, unatoa mchango, unanunua kitenge au lesi ya kamati, unamlipa fundi, unavaa siku moja. Baada ya miaka michache mtu ana magauni kadhaa marefu ya kubana hadi magotini na kuachia chini, ambayo hayaendi kazini, hayaendi sokoni wala kanisani. Humo mna fedha iliyolala. Gauni la namna hiyo likatwe kiunoni. Ile sehemu ya chini ipunguzwe hadi katikati ya muundi, iwekewe mkanda na zipu, na umepata sketi ya kuvaa na fulana nyeupe au shati jeupe. Sehemu ya juu, kama mikono yake ina mapambo makubwa ya begani, mikono hiyo iondolewe na ibaki blauzi ya kuvalia chini ya koti. Mabaki ya kitenge yanatosha kupachika mfuko kwenye shati la rangi moja, kufunika kola, au kushona kitambaa cha kichwa. Kama ni lesi, igawe vilevile, ila mwambie fundi atie bitana nyepesi, kwa kuwa lesi bila bitana huonyesha na huchubua ngozi.

Rangi nayo inarudishwa. Jinzi nyeusi iliyogeuka kijivu, au sketi ya pamba iliyopauka kwa jua la kamba ya kuanikia, inaweza kuchovywa upya. Kwanza ujue kitambaa ni cha nini. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani wa kitambaa chenyewe, ushike kwa kibano juu ya sinki na uuwashe kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua ukatoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa poliesta huyeyuka na kuacha kijipunje kigumu cheusi. Pamba inapokea rangi vizuri. Poliesta inazikataa rangi za kawaida, kwa hiyo usipoteze fedha yako. Kazi yenyewe mpe mtengeneza batiki wa mtaani kwako badala ya kujaribu jikoni. Rangi za batiki huchanganywa na kostiki soda, ambayo inaunguza ngozi na macho, na mwenye kazi yake ana glavu na vyombo vyake. Usishangae nyuzi za mshono zikibaki na rangi ya zamani, kwa sababu mara nyingi huwa za poliesta. Kwenye jinzi hilo linapendeza.

Jinsi ya kuzungumza na fundi inastahili maneno machache, maana hapo ndipo nguo nyingi huharibikia. Picha ya simu peke yake haitoshi. Mwanamitindo aliye pichani ana mwili wake na kitambaa chake. Mpelekee fundi nguo nyingine yako inayokukaa vizuri aitumie kama kipimo, kisha mwonyeshe kwenye picha kitu kimoja tu unachokitaka: kola, mkono, au urefu. Mwambie asikate kabla hujavaa na yeye kuweka pini. Mwombe aache akiba ya kitambaa kwenye mshono, kwa sababu mwili hubadilika. Lipa kianzio, bakisha nyingine hadi uijaribu nguo palepale kibandani. Na fundi mzuri ukimpata, mlipe bei yake bila kumkamua. Wewe ndiye utakayerudi kwake.

Sasa twende sokoni. Ukiwa Dar es Salaam ni Karume, Manzese au Tandika. Mwanza wana Mlango Mmoja, Moshi wana Memorial, Nairobi wana Gikomba na Toi, Mombasa wana Kongowea. Kigali hali ni tofauti. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na haikurudi nyuma kama majirani zake, hivyo huko fundi na kitambaa kipya ndiyo njia ya karibu zaidi.

Kabla hujatoka nyumbani, andika kinachokosekana kwa jina: suruali moja nyeusi pana, koti jepesi la kahawia, raba nyeupe. Nguo isiyoendana na angalau vitu vitatu ulivyo navyo iache, hata ikiuzwa jero. Rahisi hiyo ndiyo iliyokujazia kabati. Ulizia siku ambayo wauzaji wanafungua robota, ufike asubuhi. Nguo bora hutolewa kwanza na kutundikwa, na bei yake inakuwa juu. Zinazobaki humwagwa chini, na bei hushuka kadiri saa zinavyokwenda. Mwenye subira na jicho hupata kitu kizuri kwenye hilo fungu la chini, hasa nguo za pamba na za kitani, ambazo wengi huziruka kwa sababu zimekunjamana. Mikunjo huondoka kwa pasi. Poliesta inayong'aa haibadiliki kwa pasi wala kwa sabuni.

Beba futi ya fundi mfukoni. Wapo wanaopima suruali kwa kuzungusha kiuno chake shingoni, nami siikatazi, lakini futi haibahatishi. Laza suruali, pima mkanda wake upande hadi upande, zidisha mara mbili, linganisha na suruali yako nzuri ya nyumbani. Namba za lebo zisikuchanganye: gauni la namba 12 ya Uingereza ni takriban 40 ya nchi nyingi za Ulaya na 8 ya Marekani, na nguo iliyofuliwa mara nyingi huenda imeshasinyaa. Kwenye koti na shati tazama mabega kwanza. Mshono wa bega ukianguka mahali pasipo pake, liache. Kurekebisha bega la koti ni kazi ngumu na ghali, wakati kupunguza kiuno au urefu ni kazi ya kawaida. Inua nguo juu uitazame kinyume na jua ili uone matundu, funga na kufungua zipu, nusa kwapani, kagua kati ya mapaja.

Nguo za ndani za mitumba usinunue. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limezipiga marufuku, na sababu ni afya yako. Nguo nyingine zote za mitumba zilowekwe, zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani na kupigwa pasi kabla hazijagusa mwili.

Kitenge kipya pia kina nafasi kwenye bajeti ndogo, ukinunua kwa akili. Kwa kawaida huuzwa kwa yadi 6. Tafuta mwenzako mgawane: mmoja ashone sketi, mwingine shati, na fedha ya nusu inabaki mfukoni. Geuza kitambaa uangalie nyuma. Kitenge cha waksi huwa na rangi iliyokolea pande zote mbili, kile cha kuchapwa upande mmoja huwa kimepauka nyuma. Kiloweke na kukianika kabla ya kumpelekea fundi, ili kisinyae kabla ya kukatwa. Chagua maua madogo kama unataka kukivaa kazini kila wiki. Maua makubwa hukumbukwa, na watu watajua umerudia.

Viatu nisivisahau. Raba nyeupe iliyosuguliwa kwa mswaki na kutiwa kamba mpya, au kiatu cha ngozi kilichobadilishwa soli na kupigwa dawa, hufanya nguo ya mwaka juzi ionekane ya leo. Viatu vichafu huangusha hata suti.

Tuseme una shilingi 60,000. Mimi ningetenga 30,000 kwa fundi, kwa nguo nyingi kadiri itakavyowezekana, 20,000 kwa kitu kimoja au viwili vya sokoni vilivyo kwenye orodha, na 10,000 kwa viatu na vifungo. Bei zinatofautiana mtaa kwa mtaa, lakini mgao huo ushike.

Idi na Krismasi zikikaribia mafundi huzidiwa, na kazi ya haraka huwa ya kulipua. Peleka nguo zako mwezi mmoja kabla, tatu tu kwa kuanzia, uone kazi yake ndipo umpe nyingine.